Chama chetu kinataka kuchapa tisheti zenye jina la chuo, kibali kinapatikanaje? (Marekani)

mweka_hazina

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Niko Marekani kwenye chuo kimoja cha serikali ya jimbo, nasoma masta, na hapa tuna chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Wamo Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Goma na Bukavu, Warundi, halafu kuna Wamarekani wengi tu wanaosoma Kiswahili darasani na wanakipenda kweli. Mwezi wa nne tunafanya usiku wa Afrika na tunataka tuwe na tisheti na hudi za chama, zingine tuvae wenyewe na zingine tuuze tupate hela ya ukumbi na chakula.

Dizaini iko tayari, kuna dada wa Mombasa kwenye chama ameichora na imetoka vizuri sana: mnyama wa chuo, yani maskoti, amevalishwa kofia ya viua, chini yake pindo la kanga, jina la chuo limepinda kwa juu, halafu mgongoni tumeweka ule muhuri wa duara wa chuo na neno KARIBUNI. Binamu yangu ana duka la kuprinti Kariakoo, ana mashine ya DTF (ya kuchapa kwenye filamu halafu kuibandika nguoni kwa joto) na skrini pia, na bei yake hata ukijumlisha usafiri bado ni chini ya nusu ya bei za huku.

Sasa mwalimu ambaye ni mlezi wa chama katuambia tusichape hata moja mpaka ofisi ya chapa ya chuo ipitishe. Nimesoma mwongozo wao umejaa maneno ya kisheria, leseni, mrabaha, alama za biashara, nimetoka na maswali mengi kuliko nilivyoingia. Naomba aliyewahi kupitia hii kitu anielekeze, naanzia wapi, nani anapeleka maombi, na je kweli siwezi kuchapa Dar? Na hela ya mauzo inakuwaje? Natanguliza shukrani.

pantoni_287

Mleta mada karibu. Nikiwa mwanafunzi nilifanya kazi ya saa chache kwa wiki kwenye ofisi ya namna hiyo, kazi yangu ilikuwa kupokea michoro ya vyama na kuipitia kabla haijafika kwa mkubwa, kwahiyo nitakwambia jinsi wao wanavyoiangalia ukiwa upande wa pili wa meza.

Kwanza futa ile picha ya kwamba unaandika barua, unapewa kibali, halafu unaondoka nacho unaenda kuchapa unapotaka. Vyuo vingi vya huko havifanyi hivyo. Utaratibu wao ni kwamba chama kinachagua mchapaji kwenye orodha ya wachapaji wenye leseni ya chuo, unampa mchapaji mchoro wako, na YEYE ndiye anaupandisha kwenye mfumo. Ofisi inaangalia, inapitisha, inakataa, au inapitisha kwa masharti kwamba badilisheni hiki na hiki. Vyuo vingine vinataka chama kipeleke mchoro kwanza ofisini halafu ndio mchapaji aendelee, ila mwisho wa siku mchapaji lazima awe kwenye orodha. Hilo ndilo geti kubwa na wengi hawalioni, wanahangaika na mchoro miezi miwili wakati mchapaji waliyemchagua hatakubalika hata mchoro ungekuwa mzuri namna gani.

Vyuo vingi vinatumia kampuni ya kuwasimamia leseni, kubwa kabisa ni CLC ya Atlanta, ilianzishwa 1981 na Bill Battle aliyekuwa kocha wa mpira wa Kimarekani wa Tennessee. Kabla ya hapo biashara ya tisheti za vyuo ilikuwa kila mtu na lwake. Leo mchapaji anaomba leseni, analipa ada, anakata bima, anaeleza nguo zake zinashonwa kiwanda gani, na kwa kila nguo anayouza anakipa chuo mrabaha, mara nyingi ni karibu asilimia 10 ya bei ya jumla au kuzidi kidogo. Ndio maana unaona bei iko juu. Lakini uliza hili mapema sana: vyama vya wanafunzi vilivyosajiliwa mara nyingi vinasamehewa mrabaha, hasa kama nguo ni za wanachama wenyewe na haziuzwi. Nguo za kuvaa wenyewe na nguo za kuuza kwao ni mambo mawili tofauti, sema wazi kwenye maombi zipi ni zipi na idadi yake.

Sasa mchoro wenu. Muhuri utoeni leo hii. Muhuri wa chuo ni wa vyeti vya shahada na nyaraka rasmi, karibu kila chuo kinakataza kuuweka kwenye nguo, na mchoro wenye muhuri unarudishwa hata kabla hawajasoma mengine. Maskoti kuvalishwa kofia ni tatizo la pili. Naipenda hiyo picha, naiona kabisa kichwani, lakini kwa ofisi ile hiyo ni kubadilisha alama iliyosajiliwa na mwongozo unasema alama isikatwe, isipindwe, isibadilishwe rangi, isiongezewe kitu. Vyuo vingine vina michoro ya maskoti ya ziada ambayo vyama vinaruhusiwa kuitumia, ulizeni kama kipo chenye nafasi ya kucheza nacho. Kama hakipo, mwacheni maskoti kama alivyo, muweke upande mmoja wa nguo akiwa peke yake na nafasi yake tupu kumzunguka, halafu kofia, pindo na KARIBUNI yakae upande mwingine kama mali ya chama.

Jina nalo. "Chama cha Kiswahili cha Chuo fulani" linasomeka kama chama ni idara ya chuo. Wengi wanataka liandikwe "Chama cha Kiswahili katika Chuo fulani" ili ionekane mnaishi pale lakini hamsemi kwa niaba ya chuo. Kwa Kiingereza ni neno moja tu linahama, lakini nimeona michoro mingi mizuri ikirudishwa kwa ajili ya hilo neno moja.

Mwisho, rangi na faili. Chukueni nembo kwenye tovuti ya chuo au waombeni, msiichore upya na msiidondoe Google, tumieni faili la vekta (lile unaloweza kulikuza bila picha kuvurugika). Rangi ya chuo ina namba yake ya Pantone, yani orodha ya rangi wanayoitumia wachapaji, mpeni mchapaji namba, msimwambie "bluu iliyoiva". Na zile alama ndogo za R kwenye duara au TM pembeni ya nembo msizifute kwa kuona zinaharibu mchoro, R maana yake imesajiliwa serikalini na TM maana yake wanaidai japo haijasajiliwa, na ofisi inazitafuta kwa macho.

fundi_kkoo

Habari za huko. Mimi naongea kama mchapaji niliye Kariakoo, sio binamu wa mleta mada lakini tupo mtaa mmoja naamini. Ukweli napata shida kuelewa hii habari. Sisi kila mwezi wa kumi na moja msimu wa mahafali tunachapa tisheti za wahitimu wa vyuo karibu vyote vya Dar, wanakuja watoto na picha kwenye simu, nembo ya chuo, majina ya darasa, tunachapa wanaondoka na furaha yao. Hakuna chuo kilichowahi kuja kuniambia niache. Hao watoto wamelipa ada, ni chuo chao, jina la chuo chao wanalipenda ndio maana wanalivaa kifuani. Sasa huko mnaniambia mwanafunzi anayelipa maelfu ya dola akitaka kuvaa jina la chuo chake aombe ruhusa, anyang'anywe na mchapaji wake? Naomba nieleweshwe.

wakili_mdogo_tz

Fundi swali lako ni la haki na watu wengi wanalo, ngoja nilijibu pande zote mbili, huko na huku kwetu.

Huko Marekani sheria ya alama za biashara ni Lanham Act ya 1946, na hoja yake ya msingi ni mnunuzi. Akiona jina la chuo kwenye tisheti atadhani chuo kimeitoa au kimeibariki. Chuo kisipolinda jina lake, likazagaa kwa kila mtu, kinaweza kufika mahali kikakosa nguvu ya kulidai mahakamani, kwahiyo hawalindi kwa roho mbaya tu, wanalazimika. Na wanalinda kwelikweli. Chuo cha Ohio State kilipeleka maombi 2019 ya kusajili neno THE, neno moja hilo hilo, kwa ajili ya kofia na tisheti, na Juni 2022 wakasajiliwa. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tano iliamua kesi ya LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) na wenzake, wakiwemo Ohio State, Oklahoma na USC (chuo cha Kusini mwa California), dhidi ya Smack Apparel. Kampuni ile haikuweka nembo wala maskoti, iliweka rangi za vyuo na maneno yanayogusa mechi zao tu, na bado vyuo vikashinda. Novemba 2024 baraza la wazee wa mahakama huko Pennsylvania likaipa ushindi Penn State dhidi ya Vintage Brand, kampuni iliyokuwa inachapa picha za zamani za chuo kwenye nguo. Kampuni ilijitetea kwamba hizo ni picha za pambo tu, mnunuzi anazipenda kama picha, hazimwambii nguo imetoka kwa nani. Haikusaidia.

Sasa huku kwetu, fundi, usidhani hakuna sheria kwa sababu hakuna aliyekugongea mlango. Tanzania Bara tuna Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, na msajili ni BRELA, maombi yanapelekwa mtandaoni. Alama ikikubaliwa inatangazwa, mwenye pingamizi ana siku 60, ikisajiliwa inadumu miaka 7 ya kwanza halafu unahuisha kila miaka 10. Bidhaa na huduma zimepangwa kwa madaraja na alama inalindwa kwenye daraja uliloliombea: nguo ziko daraja la 25, vikombe na chupa za maji daraja la 21, mabegi 18, madaftari na kalamu 16, elimu yenyewe daraja la 41. Chuo kikisajili daraja la 41 peke yake kimelinda jina kwenye ufundishaji, kwenye tisheti kimejiachia mlango nusu wazi, na hili nawaambia viongozi wa vyuo vyetu kila nikipata nafasi. Zanzibar ni usajili mwingine kabisa, BPRA, cheti cha BRELA hakivuki maji. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na wana mamlaka ya kukamata mzigo. Na hata nembo ambayo haijasajiliwa bado ni mchoro wa mtu, una hakimiliki, na chuo kinaweza kukushtaki kwa kujifanya wewe ni wao.

Watoto wa mahafali wanaovaa wenyewe siku moja sidhani kama kuna chuo kitawasumbua. Lakini ukichapa mia tano ukatundika nje ya duka uuze kwa wapita njia, hapo umeingia kwenye biashara ya jina la mwenzio.

fundi_kkoo

Nimekuelewa wakili, na hiyo ya daraja la 25 nimeichukua kwa ajili ya nembo ya duka langu mwenyewe. Ila bado hamjajibu la bei. Kama binamu yake yuko tayari kufuata masharti yote, kwanini asipewe hiyo oda? Kazi zetu hazipungui ubora.

sindano_na_uzi

Naomba nijibu hilo mimi maana ndio eneo ninalolijali kuliko yote hapa, nimeshona kiwandani kabla sijahamia huku.

Fundi hakuna anayesema kazi ya Kariakoo ni mbovu. Orodha ya wachapaji wenye leseni imetokana na mambo ya wafanyakazi, na walioipigania ni wanafunzi. Miaka ya mwisho ya tisini wanafunzi wa vyuo vya Marekani waligundua hudi zenye majina ya vyuo vyao zinashonwa na watu wanaolipwa pesa ya mawazo, wakakalia ofisi za wakuu wa vyuo mpaka wakapata taasisi huru ya kukagua viwanda, Worker Rights Consortium. Tangu hapo vyuo vingi vinataka kila mwenye leseni ataje viwanda vyake kwa jina na anuani.

Na imefanya kazi. Mfano nilioushika moyoni ni Honduras. Kampuni ya Russell ilikuwa na kiwanda kinaitwa Jerzees de Honduras, wafanyakazi wakaunda chama chao, na Januari 2009 kiwanda kikafungwa, watu kama 1,200 nje. Wakaguzi wakasema kufungwa kule kulichangiwa na hasira za kampuni dhidi ya chama cha wafanyakazi. Vyuo vikaanza kukata leseni za Russell, kimoja baada ya kingine, karibu vyuo mia, na Novemba mwaka ule ule kampuni ikakubali kufungua kiwanda upya, kuwarudisha wafanyakazi na kukitambua chama chao. Tisheti za vyuo ndizo zilizowarudisha kazini wale akina mama. Kwahiyo mimi nikisikia mtu anasema leseni ni urasimu mtupu naumia, kwasababu ile fomu inayouliza nguo imeshonwa wapi ina watu nyuma yake.

Sasa kwa binamu, hakuna kinachomzuia kuomba leseni yeye mwenyewe, ziko leseni za wachapaji wadogo. Lakini ada, bima na makaratasi kwa oda moja ya chama kimoja haitamlipa. Halafu kuna forodha. Chuo kikiwa kimeandikisha alama zake kwa forodha ya Marekani, mzigo wenye nembo yake usio na leseni unaweza kushikwa bandarini au uwanja wa ndege, na hapo mmepoteza hela na nguo pia. Na ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 kuingia bila ushuru ulisitishwa tangu 29 Agosti 2025, kwahiyo hata ile hesabu ya nusu bei irudie kuipiga.

mweka_hazina

Aisee nashukuru sana, nimesoma yote mara mbili na nimemtumia link yule dada aliyechora. Muhuri tumeshautoa. Maskoti kavuliwa kofia, dada kanuna kidogo lakini kakubali na kaanza kuchora upya, anasema kofia ikikaa peke yake mgongoni na pindo la kanga kuizunguka inapendeza zaidi.

Maswali mawili yamebaki. La kwanza hela. Mimi na wenzangu wengi tuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1, tukiuza hizi tisheti je haihesabiki tumefanya kazi bila ruhusa? La pili, kuna mwenzetu anataka mgongoni tuweke maneno kuhusu vita vya Kivu, watu wa Goma kwenye chama wamepoteza ndugu na wanataka lisemwe. Kuna wanaoogopa kwamba ofisi itakataa kwa sababu ni siasa. Hili linanikaa moyoni, sitaki kuwaambia ndugu zangu wanyamaze kwa sababu ya tisheti.

dada_wa_ofisi_ya_kimataifa

La viza nitalijibu mimi. Mdogo wangu, F-1 hairuhusu kujiajiri bila kibali, na hapo ndipo watu wanapojikwaa wakiona hudi imeuzika wakaamua kufungua duka mtandaoni kwa jina lao. Changizo la chama ni kitu kingine maadamu hela ni ya chama: inaingia akaunti ya chama iliyoko chuoni, isipite kwenye simu wala kadi ya mtu binafsi, hakuna anayelipwa wala kugawana faida, na kila mauzo yana risiti. Wewe mweka hazina ndio uwe mkali hapo, mtu akitaka kupokea hela kwa Zelle yake (ile ya kutumiana hela kwa simu) "nitawapa baadaye" mkatalie. Vyuo vingi pia vina fomu ya kuomba kufanya changizo kampasi, na kuna majimbo yanataka kodi ya mauzo hata kwa vyama vya wanafunzi, ofisi ya vyama ndio itakwambia jimbo lenu linasemaje. Na kabla hamjauza hata moja pitieni kwa mshauri wa wanafunzi wa kimataifa hapo chuoni kwenu, mwelezeni kwa maandishi hela itakakoingia, aweke kwenye rekodi. Mnajilinda nyie, na yeye atafurahi mmeuliza mapema.

Na hizo tovuti za kuchapa kwa oda ambazo unapandisha mchoro tu, msiziguse kama kuna jina la chuo. Wanaozisimamia alama za vyuo wanazipekua, mchoro unashushwa na akaunti inaweza kufungwa.

wakili_mdogo_tz

La pili ni zito na namshukuru mleta mada kwa kuliuliza hapa badala ya kulizima kimyakimya.

Kuna kesi inayowahusu moja kwa moja. Iowa State, mwaka 2012, chama cha wanafunzi wanaotaka sheria ya bangi ibadilishwe kilipeleka tisheti, mbele imeandikwa NORML ISU, yani jina la chama na kifupi cha chuo, na ile O imewekwa maskoti wa chuo, ndege anaitwa Cy, nyuma kuna maneno na jani la bangi. Ofisi ya alama ikaipitisha. Gazeti likatoa picha ya ile tisheti, wanasiasa wa jimbo wakaanza kuuliza, chuo kikageuka, kikabadilisha mwongozo na kuanza kukataa michoro ya kile chama. Wanafunzi wawili viongozi wakaenda mahakamani, kesi inaitwa Gerlich v. Leath, wakashinda 2016, na rufaa ya mzunguko wa nane ikawapa ushindi tena 2017. Walichosema majaji ni kwamba chuo cha serikali kikishaviruhusu vyama vyake kutumia alama zake, hakiwezi kumnyima mmoja kwa sababu hakipendi maoni yake.

Angalia mipaka yake lakini. Hii ni kwa vyuo vya umma, chuo binafsi hakibanwi na katiba namna hiyo. Na chuo bado kinaweza kuweka masharti yanayowahusu wote sawasawa, mfano hakuna pombe, hakuna silaha, hakuna nembo za kampuni nyingine. Kisichoweza ni kukuchagua wewe kwa msimamo wako.

Kwenu chuo ni cha umma kwahiyo mnayo haki ya kuomba. Ila nawashauri kitu. Waulizeni wenyewe wa Goma wanataka maneno yao yakae chini ya maskoti wa mpira? Kuna namna ya kuyaweka kwenye nguo ambayo haina alama yoyote ya chuo, na hapo hamhitaji kibali cha mtu, mnachapa mnapotaka na mnasema mnachotaka.

pantoni_287

Hapo wakili umegusa penyewe. Mweka hazina, gawa oda mara mbili. Ya kwanza ni tisheti na hudi zenye jina la chuo, idadi ndogo, mchapaji wa kwenye orodha, zipite ofisini kihalali. Ya pili ni vitu vya chama peke yake: nembo ya chama mliyoichora wenyewe, KARIBUNI, kofia, pindo, maneno ya watu wa Kivu kama wataamua, na pasiwe na jina la chuo, maskoti, wala ule mchanganyiko wa rangi za chuo ambao kila mtu akiuona anajua ni chuo gani, mmesikia kesi ya Smack. Hiyo ya pili mpeni binamu Kariakoo. Ushuru mtalipa lakini mzigo hautashikwa kwa sababu ya nembo ya mtu.

Na badala ya tisheti tu, mwambieni awatafutie kanga. Kanga inabeba maneno vizuri kuliko tisheti yoyote, ndio kazi yake tangu zamani, na Wamarekani wenu wa darasani watazigombania.

mwana_wa_oldtown

Nimepita tu lakini kwenye kanga siwezi kukaa kimya, mimi ni wa Mombasa. Mkichapa kanga chapeni mchoro wenu, msichukue doti la kiwanda mkalipiga picha mkalirudia. Sisi tuliokulia Mji wa Kale tulijua kanga kwa maandishi madogo ya pembeni, K.H.E. MALI YA ABDULLA, yani ya Kaderdina Hajee Essak, duka liko Mombasa tangu 1887, na mama zetu walikuwa wanaangalia kwanza yale maandishi ndio wafungue mkoba. Alama za biashara tunazo siku nyingi pwani. Mkimheshimu mwenye chuo basi muheshimuni na mwenye kanga. Yule dada wa Mombasa achore pindo lake mwenyewe, anaweza, na jina la chama liandikwe pembeni pale pale linapokaaga jina la mwenye mali.

Na nyie mkichora nembo ya chama andikeni kwenye katiba yenu kwamba ni ya chama, dada atie sahihi kuwapa, na jina lake litajwe kama mchoraji. Nimeona chama kimoja nembo ilibaki kwa aliyeichora, akahitimu akaondoka, wakaanza kuvutana.

mweka_hazina

Wakuu nimeshauriana na wenzangu jana kwenye kikao tumekubaliana kugawa oda kama mlivyosema. Wa Goma wamechagua kanga, wanasema maneno yao wanataka yavaliwe na mama zao pia huko nyumbani sio sisi tu. Mchapaji wa kwenye orodha tumempata, yuko mji huu huu, kasema atapandisha mchoro wiki hii. Sahihi ya dada tunaifanya pia.

La mwisho nisiwachoshe: ikishapitishwa, mwakani tukitaka kuchapa nyingine tunatumia kibali hicho hicho?

pantoni_287

Chukulia kwamba kibali ni cha mchoro ule, kwenye nguo ile, kwa mchapaji yule. Ukibadilisha rangi ya tisheti, ukihamisha kutoka tisheti kwenda kikombe, ukiongeza mwaka au jina la mfadhili, peleka upya, na mfadhili mwenye nembo yake ni ukaguzi mwingine tena. Hata kama hamjabadilisha kitu, mwakani mwambie mchapaji aulize kabla ya kuwasha mashine, kwa sababu miongozo inabadilika na leseni ya mchapaji nayo ina tarehe ya kuisha. Weka barua pepe ya kupitishwa, mchoro wa mwisho na invoisi kwenye folda ya chama, sio ya kwako, ili mweka hazina ajaye azikute.

Na muda: majibu yanaweza kuchukua siku chache za kazi mchoro ukiwa safi, lakini mkirudishwa mnaanza kuhesabu upya, kisha uchapaji wenyewe wiki mbili au zaidi. Usiku wenu ni mwezi wa nne, kila chama kinataka tisheti mwezi wa nne. Pelekeni mwezi wa pili mwanzoni.